Deni Limekwisha, Ng'ombe Bado

Ujumbe uliingia katikati ya maombi, na simu yangu, kwa vile haina adabu, ikalia kanisa zima likasikia. Nikaitoa mkobani kichwa kikiwa bado kimeinama. Nilidhani ni Madam ananitaka nirudi kazini Al Wukair mapema, kumbe ni watu wa mkopo wa masomo. Nikajua ni yale yale yao: umechelewa, faini imepanda, jina lako litatangazwa. Nikafungua nimekunja uso.

"Damaris, mkopo wako umelipwa wote. Salio ni sifuri. Hongera."

Mchungaji akasema amina, watu wakasema amina. Mimi nikasema, "Nani?"

Dada aliyekaa kando yangu alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepagawa. Sikujali. Deni hilo nimelala nalo tangu nimalize chuo. Laki nne na nusu na faini zake! Halijawahi kupungua hata shilingi, maana hakuna hospitali iliyowahi kuniajiri. Halafu Ijumaa asubuhi, hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, linaisha hivi hivi kama kikohozi? Nikausoma tena ujumbe.

Ibada ikaisha. Nikatoka, nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki kivulini, nikatoa mashine ya presha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Ijumaa. Watu wa kwetu wanapanga foleni, madereva, mayaya, wapishi wa hoteli, nawapima bure na kuwagombeza kuhusu chumvi. Miaka minne ya chuo kikuu, digrii ya unesi yenye muhuri, na matumizi yake Doha nzima ni hapo tu. Siku nyingine zote namwogesha Mama Hajja, mama mzazi wa Madam, namgeuza kitandani, nampa dawa. Cheo changu ni mfanyakazi wa ndani. Leseni ya unesi ya hapa inataka uwe umefanya kazi wodini miaka kadhaa, na nyumbani wodi haikunipa nafasi hata ya kufagia. Basi.

Nahashon alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Yeye huwa wa mwisho siku zote. Ni sekyuriti kwenye mlango wa supamaketi, mwanamume mrefu, mpole, wa Nyamira, na hivyo ndivyo tulivyojuana: alikuja kupimwa Ijumaa moja, akarudi ya pili, ya tatu, mwezi mzima, na presha yake ni nzuri kama ya mtoto. Nilipomuuliza anaumwa nini hasa, alisema, "Ijumaa zinakaa mbali sana." Nilimcheka mpaka machozi. Usiku huo nikakosa usingizi.

Sasa akakaa mbele yangu, akakunja mkono wa shati.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Nipime kwanza."

"Nahashon, usicheze na mimi. Ni wewe umelipa?"

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Umepata meseji?"

"Umetoa wapi pesa?"

"Si unajua."

Nilijua. "Za ng'ombe?"

"Za ng'ombe."

"Zote?"

"Zimebaki za kunyoa nywele." Akacheka peke yake. "Damu, usinitazame hivyo bana. Nimepiga hesabu. Baba yako alitaka ng'ombe sita. Ng'ombe mmoja ni elfu sitini. Deni lako ni ng'ombe saba na nusu. Nimempa mkwe zaidi ya alivyoomba!"

"Na Baba anajua?"

"Atajua leo saa kumi kwenye kikao cha mahari, Philipo akianza kuongea kwa niaba yangu. Ni saprais."

"Nahashon, mahari si saprais!"

Watu wakageuka. Nikashusha sauti. Nilikuwa nimekasirika, na sitadanganya, haikuwa hasira peke yake. Nani amewahi kunifanyia kitu kama hicho? Mwanamume amesimama mlangoni miaka mitano, joto hili la kupikia chapati, anawafungulia watu mlango wakiwa na matoroli yao, riyali moja moja anaweka, halafu anachukua zote anazitupa kwenye deni langu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na uwanja ulikuwa umejaa washirika.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa." Akainama karibu. "Unakumbuka siku ile tulipima?"

Nakumbuka. Tulikaa nje ya duka la chai, tukaipima digrii yangu kama watu wanavyopima mbuzi sokoni. Nikirudi nyumbani nikapata kandarasi ya kaunti, mshahara utatoka na kodi, bima, nyumba, halafu mkopo na faini zake, na kitakachobaki hakifiki ninacholipwa hapa kwa kumwogesha bibi wa watu. Ningemaliza kulipa nikiwa na mvi. Nikibaki Doha, deni litalipika polepole, lakini unesi utakufa, maana mikono inasahau. Nilimwambia siku hiyo: digrii hii inanidai, nayo haijawahi kunilipa. Nikalia. Sikujua mwenzangu alikuwa anasikiliza kwa namna ile.

"Baba yako alisema mwenyewe," akaendelea. "Alisema hawezi kumtoa binti mwenye deni, anaona aibu. Basi aibu nimeiondoa. Kandarasi yangu inaisha mwezi huu, tunarudi pamoja, tunaoana Desemba, wewe unaenda wodini. Mshahara wako utakuwa wako. Kuna ubaya gani?"

Sikuona ubaya. Hapo, kwa dakika chache, kwa kweli sikuuona.

*

Saa kumi tulikuwa chumbani kwa Philipo, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Philipo ni dereva, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya mwenyekiti, na kwa kuwa baba yake Nahashon ameshafariki na wajomba wako mbali, ndiye tuliyemfanya mzee wa upande wa mwanamume. Alikuwa amevaa koti juu ya shuka la kiunoni, maana simu ya video inaonyesha kifua tu. Msichana anayeposwa hatakiwi kuwapo mahari ikizungumzwa, kwa hiyo nikapelekwa jikoni pamoja na rafiki yangu Saada, mtu wa Tanga anayefanya kazi hotelini. Mlango tukauacha wazi upana wa jicho.

"Kwetu bibi harusi mahari ataja mwenyewe," Saada akaninong'oneza. "Mimi nilitaka msahafu na cherehani, khalas, siku hiyo hiyo. Nyie mwakaa jikoni mwajifinya."

"Nyamaza tusikie."

Simu ikashika. Nikamwona Baba, Mwalimu mstaafu, amevaa suti yake ya kahawia. Pembeni yake Baba Mdogo Silvesta, dalali wa ng'ombe, mtu anayeweza kukuuzia ng'ombe kilema ukamshukuru. Mama alikuwa kwa nyuma na leso yake. Na mlangoni kabisa, amesimama, kaka yangu Rodney.

Salamu zikaenda, maombi yakaenda. Philipo akakohoa, akasema kijana wao hakuja mikono mitupu. Akaeleza yote kwa madaha: deni la binti, laki nne na nusu, limelipwa, limekwisha, na ushahidi upo. "Kwa hiyo wazee," akamalizia, "sisi upande wetu tunaona ng'ombe wameshafika nyumbani. Kilichobaki ni kupanga harusi."

Baba akavua miwani. Mama akaweka leso mdomoni.

"Limekwisha lote?" Baba akauliza.

"Lote, Mwalimu."

"Mungu ambariki huyo kijana," Baba akasema. Aki nilimwona baba yangu akijifuta macho mbele ya watu, na mimi jikoni nikamshika Saada mkono kwa nguvu. Nilidhani tumeshinda.

Ndipo Baba Mdogo Silvesta akasogea kwenye kamera.

"Tumeshukuru sana," akasema. "Ni tendo la kiume. Sasa tuongee habari ya ng'ombe."

"Si ndiyo hiyo tumeongea?" Philipo akasema.

"Ndugu yangu, hapana. Hilo deni lilikuwa la serikali. Serikali imelipwa. Hapa nyumbani umeona kwato ya nani?"

"Lakini mlisema ng'ombe sita, na kijana ametoa zaidi ya hapo!"

"Sita ilikuwa bei ya msichana mwenye deni." Alisema hivyo, mbele ya Mama, bila kumung'unya. "Tulishusha kwa sababu tuliona huruma, anayemchukua anachukua na mzigo. Leo mzigo hakuna. Leo ni nesi wa digrii, safi kabisa, huko Ulaya wanawatafuta. Ng'ombe kumi na watatu."

"Yarabi!" Saada akasema kwa sauti.

Kwa ufa wa mlango nilimwona Nahashon mgongo tu. Kijana haruhusiwi kuongea siku hiyo, na hakuongea. Alikuwa amekaa kwenye kona ya kitanda, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Pesa alizotupa ili anipate ndizo zilizonipandisha bei. Mwanamume kajipandishia bei mwenyewe!

Nikausukuma mlango nikatoka. Mila na ikae kando.

"Baba!"

"Damaris, hutakiwi kuwa hapo."

"Nipo. Baba, huyu mtu hana kitu tena. Ametoa kila kitu kwa ajili yangu. Mnamwambia kumi na watatu atoe wapi?"

"Silvesta ameongea kidalali," Baba akasema taratibu. "Mimi nasema kumi, na hapo sitashuka. Nisikilize kabla hujakasirika. Mkopo ulilipa karo ya chuo. Nauli, chakula, vitabu, chumba, nani alilipa? Unakumbuka Rodney aliacha shule kidato cha pili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilimwambia mwanangu, hatuwezi kusomesha wawili. Dada yako ana alama, mwache aende, akiolewa ng'ombe wake ndio watakaokuolea mke wewe. Nilimpa neno langu kama baba. Amevuna chai ya watu miaka yote hiyo, ana miaka ishirini na saba, analala kwenye nyumba yangu kama mtoto. Nahashon amelipa deni lako, namshukuru, usiku nitamwombea. Na deni la kaka yako?"

Nikamtazama Rodney kule mlangoni kwenye skrini. Aliweka mikono mifukoni, akatoka nje, na mlango ukabaki na jua tu.

Ningekuwa na mtu wa kumchukia, ingekuwa rahisi. Nilitaka sana kumchukia Baba Mdogo, lakini hata yeye hakuwa akisema uongo.

"Mpeni muda basi," Philipo akasema. Kitambi chote kilikuwa kimenywea.

"Muda anao," Baba akajibu. "Lakini Damaris arudi nyumbani. Sasa hana deni, hana sababu ya kukaa huko. Nilisomesha nesi mimi. Aje awe nesi."

*

Tulitembea mpaka kituo cha basi bila kugusana, maana hapa si kwetu. Jua lilikuwa limeshuka lakini ukuta wa majengo bado ulikuwa unatema joto. Nahashon alibeba mkoba wangu kama kila Ijumaa.

"Niambie kitu," nikasema.

"Niseme nini, Damu?"

"Nitukane hata. Tukana watu wetu."

"Wamekosa wapi? Rodney angekuwa ndugu yangu ningesema hivyo hivyo."

"Wewe nawe! Kasirika!"

"Nimekasirika." Akasimama. "Nimejikasirikia. Philipo aliniambia nianze na ng'ombe hata mmoja, afike, ale majani ya pale, watu wamwone. Nikajifanya mjanja. Nikasema ng'ombe wa nini, nimwondolee mpenzi wangu kitu kinachomnyima usingizi."

Nikamgeukia. Nilikuwa na neno nimelibeba tangu jikoni, nikalitoa.

"Tuoane tu. Twende kwenu Nyamira, tukae. Watu wangapi wanaishi hivyo? Ng'ombe watakuja wakija."

Basi moja likapita, si letu.

"Mama yangu aliolewa hivyo," akasema. "Ng'ombe watakuja wakija. Alizaa watoto watano. Siku alipokufa, wajomba walikuja wakasimama kwenye kaburi lililochimbwa, wakasema hazikwi mtoto wetu na mtu asiyemlipia. Mwili ulikaa juani, Damaris. Baba alizunguka kijiji kizima akikopa ng'ombe ili amzike mkewe. Alikufa akiwa bado anawalipa."

"Nahashon..."

"Siwezi. Niombe kitu kingine chochote. Hicho siwezi."

Nilikuwa nalia sasa, waziwazi, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. "Basi nikae hapa na wewe. Nitamwogesha Mama Hajja mpaka afe, nitafute bibi mwingine. Mshahara wangu nao tuuweke. Si nimesema hapa nalipwa zaidi?"

"Na unesi?"

"Unesi umenipa nini!"

"Umenipa wewe," akasema. "Ungekuwa huna ile mashine ningekujia na sababu gani?" Alijaribu kutabasamu, ikakataa. "Sikulipa lile deni ili ukae kuwafulia watu shuka. Nililipa ili uingie wodini. Ukibaki hapa, pesa yangu imekwenda bure, na ng'ombe sina, na nesi sina. Angalau kimoja kiwepo."

"Na wewe?"

"Jumapili natia sahihi kandarasi nyingine. Mbili, tatu, zitakazohitajika."

"Ng'ombe kumi, kwa mshahara wako, si chini ya miaka sita."

"Najua."

"Nitakuwa na miaka thelathini na tano."

"Najua. Ndiyo maana nasema usinisubiri."

Nilimpiga kifuani. Kwa ngumi, mara mbili, na hakurudi nyuma. "Hilo si lako kusema! Umenilipia deni bila kuniuliza, sasa unaniacha bila kuniuliza? Kila siku wewe ndiye unayeamua?"

"Usinipende kwa sababu nililipa, Damu. Nikikwambia nisubiri, utanisubiri kwa sababu nilikulipia. Kila ukinitazama utakuwa unahesabu. Nimeishi na baba mwenye deni mimi. Sitaki kuwa deni lako."

"Nilikupenda kabla hujalipa!"

"Najua. Na mimi nilikupenda ukiwa nalo." Macho yake yalijaa, akageuza uso kuelekea barabarani. "Afadhali ningeliacha hilo deni."

Ndani ya mkoba wangu mikononi mwake simu iliita. Lazima alikuwa Madam, Mama Hajja anataka kubadilishwa. Sikupokea.

Basi la Al Wukair likaonekana mbali, kwenye taa nyekundu. Nahashon akaniwekea mkoba kwenye benchi la kituo, akakaa, akakunja mkono wa shati.

"Leo hukunipima," akasema. "Asubuhi tuligombana."

"Basi limekaribia."

"Litasimama. Nipime."

Nikatoa mashine. Nilimfunga kitambaa mkononi kama nilivyomfunga kila Ijumaa, vidole vyangu juu ya ngozi yake, kitu pekee tulichoruhusiwa kufanya mbele za watu miaka yote hii. Mashine ikavuta pumzi, ikakaza, ikaachia. Nikasoma. Nikabonyeza tena, kwa sababu sikuamini, na ikasoma vilevile.

Ile presha ya mtoto haikuwapo tena.

"Inasemaje?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Mpenzi angedanganya. Lakini alikuwa amelipa kila alichonacho ili niwe nesi.

"Imepanda," nikasema. "Imepanda sana. Punguza chumvi. Ulale."

"Sawa, sista," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo, kama wagonjwa wanavyomwita nesi wao. Akajifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akakirudisha mkobani mwangu, na mlango wa basi ukafunguka.